Skrini ya Iringa, Seva ya Mbeya: Nani Aamue Ukubwa wa Herufi?

Emacs ni programu ya kuandikia ambayo toleo lake la GNU lilianza kuundwa mwaka 1984, na waliokwisha kuizoea hawapendi kuifunga. Wanaiwasha mara moja, inakaa chinichini kama seva ikishikilia mafaili yote yaliyo wazi. Wanapotaka kuandika wanamtuma mteja mdogo aitwaye emacsclient, ambaye kazi yake ni kubisha hodi kwa seva na kuomba dirisha. Dirisha linafunguka papo hapo, maana mizigo yote ilishapakiwa zamani. Uwezo wa seva hiyo kuzaliwa bila skrini yoyote, halafu baadaye kufungua madirisha kwenye skrini za kila aina, ulikuja na toleo la 23, Julai 2009. Mwezi huohuo mkongo wa SEACOM ulianza kazi pwani ya Dar es Salaam, na katika miaka iliyofuata Mkongo wa Taifa ukapandishwa Nyanda za Juu Kusini. Hakuna aliyeyapanga mambo hayo mawili yakutane. Lakini yamekutana, na leo mtu aliyeko Iringa anaweza kuandika ndani ya kompyuta iliyoko Mbeya, zaidi ya kilometa 300 kwa barabara kuu ya kwenda Zambia.

Kuandika si tatizo. Tatizo ni kuona unachoandika. Herufi ziwe kubwa kiasi gani, rangi ziwe zipi, na neno la mwisho awe nalo nani: seva inayoshika kazi, au mteja aliyekaa mbele ya kioo?

Sauti tatu zifuatazo nimezitunga, ila programu wanayoigombania ni ya kweli na tabia zake ni hizohizo. Iringa ni mwalimu wa kompyuta, mama mtu mzima, ambaye siku nyingine hufanyia kazi Mbeya, ambako ana meza na skrini yake. Mbeya ni kijana anayetunza seva. Makambako anaandika programu kwa kujitegemea katika mji huo wa njia panda, ambako barabara ya Njombe na Songea inaachana na ya Mbeya, na ambako reli ya TAZARA inapita wakati Iringa mjini inaisikia tu.

MBEYA: Shikamoo, Mwalimu.

IRINGA: Marahaba, mwanangu. Kamwene. Seva yako nimeiona, ni nzuri. Lakini herufi zake zinataka darubini.

MBEYA: Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Fonti nimeiweka kwenye site-start.el, faili ambalo Emacs ya kila mtumiaji kwenye mashine ile inalisoma inapoanza. Tena nimeandika kwa tahadhari: kama tuko kwenye skrini ya michoro, tumia DejaVu Sans Mono, saizi 14. Nikifungua Emacs ya kawaida hapa mezani, inatii. Wewe ukifungua kwa emacsclient, haijali.

IRINGA: Seva yangu inawashwa saa ngapi?

MBEYA: Mashine inapowaka. systemd inaiinua yenyewe, hata kama wewe hujaingia.

IRINGA: Na saa hiyo mimi niko wapi? Pengine nimelala. Mpakato wangu umezimwa, uko kwenye begi. Programu yako inasoma maagizo, inafika kwenye ule mstari wa display-graphic-p, inauliza, “Je, niko kwenye skrini ya michoro?” Jibu la kweli ni hapana, kwa hiyo inaruka na kuendelea. Baadaye mimi nikibisha hodi, hairudii ule mstari. Faili la kuanzishia husomwa mara moja tu, seva inapozaliwa. Na hata ungeliondoa lile sharti, set-frame-font isingekuwa na dirisha la michoro la kushika. Mwanangu, umekata kitambaa kabla ya kuchukua vipimo vya mteja.

MBEYA: Sasa dawa yake ninaijua. Kuna orodha inaitwa default-frame-alist. Nikiandika fonti humo, Emacs haiitafuti leo, inaiweka akiba, na kila dirisha jipya likizaliwa linaikuta. Sihitaji kuuliza kama kuna skrini. Kwa hiyo seva bado ndiyo inayoamua, ila inaamua kwa subira.

Ni lazima nikiri kwamba Mbeya hapa yuko sawa kuliko watu wengi wanaokutana na shida hii. Wengi wakiona fonti haikukaa wanarudi kwenye Emacs ya kufungua na kufunga, na kusema seva ni mambo ya wakubwa. Kumbe kilichohitajika ni kutofautisha maagizo ya aina mbili: yanayotekelezwa sasa hivi, na yanayosubiri dirisha. Ila subira ya orodha ile ina kasoro moja. Kila dirisha hupewa kitu kilekile, liwe limefunguka kwenye kioo chochote.

IRINGA: Saizi 14 kwenye skrini yako ya ofisini ni sawa, maana ina nukta za kumwaga, zaidi ya 3,800 kwa upana. Mpakato wangu ni wa mtumba, una 1366 kwa 768. Nikifungua madirisha mawili ubavu kwa ubavu, kila upande unabaki na maneno matatu.

MBEYA: Basi tuachane na orodha. Tuandike kazi ndogo inayopima skrini kila dirisha linapofunguka. Tangu toleo la 27, la mwaka 2020, kuna mahali maalumu pa kuiweka: server-after-make-frame-hook. Chochote ulichokiandika humo kinaitwa mteja anapopata dirisha. Dirisha lipo, skrini ipo, upana unajulikana. Kama ni pana, herufi kubwa, kama ni jembamba, ndogo. Nani atalalamika?

MAKAMBAKO: Mimi, kaka. Nilikuwepo ofisini kwako ulipoijaribu.

MBEYA: Usianze.

MAKAMBAKO: Acha Mwalimu asikie. Mwalimu, uliacha dirisha lako wazi kwenye meza yako ya Mbeya, ukapanda basi. Jioni ukafungua dirisha lingine kutoka Iringa. Mezani kwako hakuna mtu, kiti kitupu, na herufi zikasinyaa zenyewe mbele ya macho yetu. Mhudumu wa usafi aliweka ndoo chini akauliza kama kompyuta imeingiwa na virusi.

IRINGA: Ni kwa sababu alimwambia Emacs “punguza herufi” bila kusema za dirisha lipi.

MBEYA: Niliandika set-face-attribute, na pale panapohitaji dirisha nikaweka nil.

IRINGA: Na nil pale maana yake ni madirisha yote yaliyopo na yatakayokuja. Ungelitaja dirisha lililofunguka wakati ule, selected-frame, lingebadilika hilo peke yake. Unaona sasa? Umetoa uamuzi kwenye kuzaliwa kwa seva, ukaupeleka kwenye kuzaliwa kwa dirisha, vizuri. Lakini mkono uliotekeleza uamuzi ukabaki wa seva, unagusa kila kitu.

MBEYA: Na mandhari ya rangi je? load-theme haina pa kutaja dirisha. Ukiipakia, imepakiwa kwa wote. Kama ungetaka giza Iringa na mwanga Mbeya kwa wakati mmoja, seva moja haikupi mandhari mbili.

IRINGA: Haikupi mandhari mbili, ila mandhari moja iliyoandikwa kwa adabu inaweza kuvaa sura mbili. Waundaji wa Emacs walilifikiria hilo. Kila aina ya maandishi, iwe maoni, iwe neno kuu, iwe kosa, maelezo yake yanaweza kuwa na masharti: kama skrini ina rangi nyingi tumia hii, kama ni terminali tumia ile, kama nyuma ni kweusi tumia nyingine. Masharti hayo yanapimwa kwa kila dirisha peke yake. Wanaoharibu ni waandishi wa mandhari wanaopima skrini mara moja wakati wa kupakia na kukariri jibu. Kosa lao ni lilelile la site-start yako.

Mwalimu ameshinda kipande hiki, kwa maoni yangu, na kwa sababu ambayo hakuisema: muundo wenyewe wa Emacs uko upande wake. Mteja akija, haleti tu ombi la dirisha. Anabeba na mazingira yake: jina la skrini, aina ya terminali, lugha. Seva inayahifadhi pamoja na dirisha lile. Programu iliyotaka kila kitu kiamuliwe makao makuu isingehangaika kuyapokea. Hata hivyo Mbeya ana hoja ambayo watu wa mjadala huu huipita haraka, na yeye hakuiachia ipite.

MBEYA: Mwalimu, mimi nina watumiaji wengi. Kila mmoja akija na vipimo vyake, siku ikiharibika ananipigia mimi. Simfungulii mtu mpakato wake ulioko Iringa, Mafinga au Tukuyu. Ninachoweza kukiona na kukirekebisha ni kile kilichoko kwenye seva. Uhuru wa mteja ni mzuri mpaka mteja awe hapatikani kwa sasa.

IRINGA: Kwa hiyo unataka macho yangu yatawaliwe kwa sababu ya simu yako?

MBEYA: Nataka chaguo la msingi liwe moja, linaloeleweka. Anayetaka kulibadilisha abadilishe kwenye faili lake mwenyewe.

IRINGA: Faili langu mwenyewe nalo liko Mbeya. Ndiyo hoja yangu. Nikiandika humo “skrini yangu ni ndogo”, nimesema uongo kila ninapokaa mbele ya ile skrini kubwa ya huko. Skrini haisafiri nami. Kauli kuhusu skrini ikae kwenye skrini.

MBEYA: Itakaaje kwenye skrini? Kioo hakina faili.

MAKAMBAKO: Kinalo, kaka. Tena tangu kabla hatujazaliwa.

Hapa Makambako aligusa jambo linalowapoteza hata wenye uzoefu. Mfumo wa X, uliozaliwa MIT mwaka 1984 na kufikia X11 mwaka 1987, uligawa kazi kinyume na mazoea yetu. Katika X, seva ni ile inayoendesha skrini, kibodi na kipanya, yaani iko pale mtu alipokaa. Programu zinazotaka kuchora ndizo wateja. Kwa hiyo Mwalimu akifungua dirisha kutoka Iringa kupitia ssh -Y, njia ya kuingia mashine ya mbali inayopitisha pia madirisha ya X, kuna seva mbili zinazotazamana: ya Emacs huko Mbeya, na ya X ndani ya mpakato wa Iringa. Seva ya Mbeya, yenye mamlaka juu ya mafaili yote, inakuwa mteja anayeomba ruhusa ya kuchora kwa mashine ndogo ya mtumba.

MAKAMBAKO: Mwalimu akiandika mpakatoni kwake faili la Xresources, mstari mmoja tu, Emacs.font na jina la fonti na saizi, kisha akaendesha xrdb, mstari ule unahifadhiwa na seva ya X ya hapohapo Iringa. Emacs ya Mbeya inapofungua uhusiano na skrini ile, kitu kimojawapo inachosoma ni akiba hiyo. Skrini ya mezani Mbeya ina akiba yake. Seva moja ya Emacs, skrini mbili, kila moja imejieleza yenyewe. Hakuna hook, hakuna hesabu ya nukta.

IRINGA: Hiyo ndiyo dawa yangu. Na wewe mwanangu hutaguswa, faili lako la seva litakuwa safi.

MBEYA: Litakuwa safi, lakini nikiacha ule mstari wa fonti kwenye default-frame-alist?

MAKAMBAKO: Orodha yako itashinda. Ukitaka skrini isikilizwe, seva inyamaze.

MBEYA: Haya. Kunyamaza naweza. Sasa tuzungumze kitu kinachoninyima usingizi kweli, maana fonti ni fonti tu. Umeme.

IRINGA: Usiuseme. Bwawa la umeme la Mtera liko mpakani mwetu na Dodoma, maji tunayaona, na bado giza linatukuta.

MBEYA: Mara ya mwisho umeme ulipokatika kwenu, mpakato wako ulibaki na betri lakini kisanduku cha intaneti kilizima. Uhusiano wa ssh ukafa. Ningetegemea nini? Dirisha la Iringa lipotee, seva ya Mbeya iendelee, Mwalimu arudi baadaye akute kazi yake. Ndiyo sababu ya kuwa na seva. Badala yake seva nzima ilikufa, na lile dirisha la mezani likaenda nayo.

IRINGA: Nilipoteza?

MBEYA: Kidogo. Emacs huweka nakala yenyewe kila baada ya kubonyeza vitufe 300 au ukitulia kama sekunde 30, kwa hiyo recover-file ilirudisha karibu yote. Lakini seva inayokufa kwa sababu mteja mmoja amekatika, hiyo si seva.

Nimeisikia lawama hii ikitupiwa mtandao, ikitupiwa mkongo, ikitupiwa shirika la umeme. Mkosaji amejitaja mwenyewe. Emacs iliyojengwa kwa GTK, maktaba ya kuchorea menyu na vitufe, ikiwashwa kama seva hutoa onyo waziwazi: kwa sababu ya dosari ya siku nyingi ndani ya GTK, programu inaweza kuanguka endapo uhusiano na skrini ya X utakatika ghafla. Onyo hilohilo linaendelea kusema kwamba Emacs iliyojengwa kwa lucid, maktaba ya zamani na nyepesi, haina tatizo hilo. Lakini seva inapoinuliwa na systemd mashine inapowaka, onyo linaandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo, na anayezisoma kumbukumbu hizo bila kulazimishwa na ajali bado sijakutana naye.

MAKAMBAKO: Mimi natumia njia ambayo haina skrini ya mbali kabisa. ssh ya kawaida, emacsclient -t, dirisha linafunguka ndani ya terminali. Umeme ukikatika, terminali inakufa, seva inabaki. Fonti ni ya terminali yangu mwenyewe, iliyoko Makambako. Tangu toleo la 26 hata rangi ni milioni 16, terminali ikiwa inazikubali. Mwalimu, hoja yako ya skrini kujieleza imetimia bila X.

IRINGA: Lakini sioni picha, na wanafunzi wangu wanachora grafu.

MAKAMBAKO: Basi geuza. Emacs iwake mpakatoni kwako, mafaili ya Mbeya uyafungue kwa TRAMP, njia ya Emacs ya kufikia mafaili ya mbali. Mwonekano wote uko Iringa, kinachosafiri ni maandishi tu.

IRINGA: Nimeijaribu. Mtandao ukisuasua, kuhifadhi faili ni kusubiri. Na ile hali ya kuacha kazi imekaa mezani, nikaikuta kama nilivyoiacha, inapotea. Mimi napenda seva. Ninachokataa ni seva inayojua ukubwa wa kioo changu kuliko mimi.

MBEYA: Na mimi niseme langu kabla hamjanimaliza. Hiyo njia ya Xresources mnayoisifu ina umri wa kustaafu. Skrini yangu inaendeshwa na Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X. Toleo la 29, la mwaka 2023, lilileta Emacs ya GTK tupu, isiyopita kwenye X. Kwenye skrini kubwa herufi zake ni kali. Debian 13 wanayo kifurushini, emacs-pgtk. Nilipanga kuiweka mwezi huu.

IRINGA: Na mimi wa mbali?

MBEYA: Hiyo haisomi Xresources. Ikifunguliwa kwenye X inatoa onyo kwamba haikusudiwi hivyo na itaanguka mara mojamoja. Na Wayland yenyewe haikuundwa kupitisha madirisha mtandaoni kama X.

IRINGA: Kwa hiyo ili wewe uone herufi kali, mimi nisione dirisha.

MBEYA: Nilifikiri ungebaki na terminali, kama dada huyu wa Makambako.

IRINGA: Unaona ninachokilalamikia? Hujabadilisha mstari wowote wa mipangilio. Umechagua kifurushi. Lakini kifurushi hicho kimeamua kwamba skrini iliyoko Mbeya ndiyo skrini, na zilizobaki ni wageni. Weka zote mbili, kila mtu achague.

MBEYA: Debian haikubali. Vifurushi hivyo vinagongana, unaweka kimoja unaondoa kingine. Labda nijenge mwenyewe kutoka kwenye chanzo na kuitunza kila toleo likitoka, kazi ambayo hakuna atakayenilipa.

MAKAMBAKO: Kuna ya lucid, kaka. Iko kifurushini, inaongea X, haifi umeme ukikatika, inasoma Xresources. Skrini yako kubwa utaiandikia Xft.dpi, herufi zitakaa sawa.

MBEYA: Zitakaa, ila hazitakuwa kali kama zile.

IRINGA: Wangapi wanaingia wakiwa mbali, na wangapi wako mezani kwako?

MBEYA: Mezani niko peke yangu. Na wewe, siku ukija.

IRINGA: Haya.

MBEYA: Nitaiweka Ijumaa jioni, watu wakishatoka, na ile mistari ya fonti nitaiondoa. Lakini Mwalimu, nakuambia mapema ili usinipigie: menyu za lucid ni mbaya, zinafanana na za kompyuta za zamani.

IRINGA: Menyu? Nilizizima siku ya kwanza.